Siku Mbaya Zisifutike: Mifumo ya Faili, Umeme na Rekodi za Uvira



Mada niliyopewa inasikika kama shauri la mafundi wa ng'ambo: jinsi mifumo ya faili inavyoboreshwa ndani ya Linux. Nimeikubali kwa sababu inagusa rekodi za mji wetu kuliko tunavyodhani. Nitaanza na maji na kipindupindu, nitaingia kwenye kompyuta, kisha nitataja kazi inayotungoja hapa kwetu.

1. Siku isiyo na maji

Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine na wenzao walichapisha uchunguzi kuhusu Uvira, mji wetu ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Walichukua orodha ya watu walioshukiwa kuugua kipindupindu na kulazwa katika kituo cha matibabu cha mji huu kati ya 2009 na 2014, jumla yao 5,745. Wakaipanga siku kwa siku, sambamba na kiasi cha maji kilichotoka kwenye mtambo wa shirika la maji, REGIDESO. Jibu walilopata lilikuwa zito. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambazo mtambo ulitoa meta za ujazo 5,000. Karibu robo ya wote waliolazwa, asilimia 23.2, walihusishwa na siku ambazo maji yalipungua.

Kila mama wa Uvira anayebeba dumu kwenda ziwani alikuwa akilijua jambo hilo. Lakini mfadhili hatoi fedha za bomba kwa sababu mama analijua. Anataka hesabu, na hesabu ilipatikana kwa kuwa kulikuwa na safu mbili za tarehe: wagonjwa wa siku hiyo na maji ya siku hiyo.

Sasa fikirini jambo moja. Pampu za maji zinategemea umeme, na umeme wa shirika la SNEL unatufikia kwa nyaya zinazoshuka bonde la Ruzizi kutoka kwenye mabwawa ya mto huo. Umeme ukikatika, maji yanaweza kukatika pia. Saa hiyohiyo kompyuta iliyokuwa ikiandika orodha inazimika bila kuaga. Maana yake ni kwamba katika mji kama huu data hazipotei kiholela. Ofisi inayopoteza rekodi kumi zilizotawanyika mwaka mzima imepoteza kidogo, na mtakwimu anaweza kuvumilia. Ofisi inayopoteza rekodi za siku kumi zilezile ambazo umeme ulikatika imepotosha jibu lenyewe: siku mbaya zimefutika, zimebaki nzuri, na mji unaonekana mzima kuliko ulivyo.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mfumo wa faili usio imara, mahali ambapo umeme hukatika, hufuta ushahidi wa matatizo yetu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo kuuboresha ni kazi inayotuhusu.

2. Kinachotokea faili inapoandikwa

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayosimama kati ya programu na vifaa. Linux ni kerneli huria iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland wakati huo. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kupendekeza mabadiliko. Nayo hatukuiagiza kwa makusudi, imetufikia mifukoni, kwa sababu kila simu ya Android iko juu yake.

Ndani ya kerneli hiyo mna mifumo ya faili. Diski haijui faili wala folda. Inajua vipande vyenye namba tu. Mfumo wa faili ndio unaoweka majina, ukubwa, tarehe, na orodha ya vipande vya kila faili. Muuguzi anapoongeza mstari mmoja kwenye orodha ya wagonjwa, kerneli ina kazi kadhaa: kutafuta kipande kitupu na kukitia alama kwamba kimechukuliwa, kuandika maneno yenyewe, kisha kusahihisha ukubwa na saa ya faili. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, kipande kinaweza kubaki kimechukuliwa bila mwenyewe, au faili ikadai ina maneno ambayo hayakuandikwa kamwe.

Kuna jambo la pili. Diski ni ya polepole, hivyo kerneli hupokea maneno, huyaweka kwanza kwenye memori, na kuiambia programu iendelee. Programu inayotaka uhakika lazima iombe wazi, kwa wito uitwao fsync, kwamba kerneli isijibu mpaka data ziwe zimefika diskini. Asiyetoa wito huo hana haki ya kusema amehifadhi.

Mwanzoni Linux iliazima mfumo wa faili wa Minix, wenye majina ya faili yasiyozidi herufi 14 na diski isiyozidi megabaiti 64. Mwaka 1992 Mfaransa Rémy Card akaandika mwingine, ext, na mwaka 1993, pamoja na Theodore Ts'o na Stephen Tweedie, ukaja ext2. Ulikuwa mwepesi na ulienea. Taabu yake ilionekana baada ya kuzimika ghafla: ilibidi programu ya ukaguzi ipitie diski nzima kutafuta kilichoharibika. Diski zilivyokua, dakika zikawa saa. Penye umeme wa kukatika mara kwa mara, ukaguzi wenyewe ungeweza kukatizwa kabla haujaisha.

Tweedie alileta dawa katika ext3, iliyoingia kwenye kerneli rasmi mwaka 2001. Chukueni mfano wa karani makini wa bandari yetu ya Kalundu. Kabla wapagazi hawajagusa mzigo wa boti, anaandika daftarini magunia ni mangapi, ni ya nani na yanakwenda ghala gani, kisha anatia sahihi. Mvua ikiwatawanya kazi ikiwa nusu, kesho yake hahesabu bandari nzima. Anafungua daftari: mstari wenye sahihi anaukamilisha, usio na sahihi anaufuta kama haukuwapo. Ext3 ilipata daftari la namna hiyo ndani ya diski. Tangu hapo mashine iliyozimika ghafla huweza kuamka kwa muda mfupi, mpangilio wake ukiwa mzima.

Nasema mpangilio wake. Katika hali ya kawaida daftari hilo huandika mabadiliko ya majina, ukubwa na vipande, wala si maneno yote ya faili. Fundi anayeamini kwamba daftari peke yake linalinda kila kitu hajaelewa alichonunua.

3. Mwaka 2009: sheria na mazoea

Desemba 2008 ext4, mrithi wa ext3, ilitangazwa kuwa tayari kwa matumizi, katika toleo 2.6.28 la kerneli. Ilikuwa na ubora mwingi, mmojawapo kuchelewesha uchaguzi wa vipande: kerneli ingoje kwanza, ikusanye maneno mengi, ndipo itafute nafasi moja pana. Kasi iliongezeka kweli.

Miezi michache baadaye watumiaji waliokuwa wakijaribu toleo jipya la Ubuntu, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, wakaanza kulalamika. Mashine ikizimika ghafla, walikuta mafaili ya mipangilio yao yapo, majina yapo, lakini ndani hamna hata herufi moja. Programu nyingi zilikuwa na desturi ya kuandika faili jipya pembeni, kisha kulipa jina la lile la zamani. Chini ya ext3 desturi hiyo ilikuwa salama kwa namna fulani, kwa sababu maneno yalilazimika kufika diskini kabla ya badiliko la jina, nalo lilisajiliwa takribani kila sekunde tano. Chini ya ext4 badiliko la jina liliweza kusajiliwa huku maneno yakikaa kwenye memori nusu dakika au zaidi. Umeme ukikatika katikati, la zamani limekwenda na jipya ni tupu.

Ts'o, mtunzaji wa ext4, alijibu kwamba kanuni za mifumo endeshi ya aina hii hazikuahidi usalama huo hata siku moja, na kwamba programu zilipaswa kuita fsync. Kwa maandishi ya kanuni alikuwa sahihi. Hata hivyo aliandika viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, vinavyoitambua desturi ile na kulazimisha maneno yatangulie, navyo vikaingia katika toleo 2.6.30 la Juni 2009. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha mtunzaji mzuri wa msimbo. Alishinda hoja, kisha akamlinda aliyeshindwa, kwa kuwa ambaye angeumia si mwandishi wa programu mzembe bali mtu aliyeketi mbele ya kioo asiyejua lolote kuhusu fsync.

4. Mwaka 2018: kosa lililotajwa mara moja

Kisa cha pili kinatukaribia zaidi. Kongo, kama Kenya, Tanzania na Uganda, hukusanya takwimu zake za afya kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Namba zinazotoka kwenye maeneo ya afya, likiwemo la Uvira, huishia kwenye hifadhidata iitwayo PostgreSQL, nayo pia ni huria.

Mwaka 2018 watunzaji wa PostgreSQL waligundua jambo la kutisha. Wao walikuwa wakiita fsync kama inavyotakiwa. Diski ikishindwa kuandika, kerneli ilirudisha jibu la kosa, na hapo ni sawa. Lakini baada ya kulitaja kosa hilo mara moja, Linux iliweza kuvihesabu vile vipande kuwa vimekwisha kushughulikiwa. PostgreSQL ilipojaribu tena, fsync ya pili ilijibu kwamba mambo ni shwari. Hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia, lakini data zilikuwa hazimo diskini na hifadhidata iliamini zimo. Isitoshe, kosa liliweza kuangukia programu nyingine isiyohusika, na aliyehusika asilisikie kamwe.

Kwa upande wa kerneli, Jeff Layton, mmoja wa waandishi wake, alikuwa ameanza kurekebisha hesabu ya makosa katika toleo 4.13 la mwaka 2017, ili kila aliyelifungua faili apate kuambiwa. Marekebisho zaidi yalifuata mwaka 2018. PostgreSQL nayo ilibadili mwenendo Februari 2019: fsync ikishindwa haijaribu tena, inajisimamisha kwa makusudi na kuanza upya kutoka kwenye daftari lake lenyewe.

Funzo ni hili: hitilafu inayopiga kelele si adui mkubwa. Adui ni jibu la "sawa" lisilo na ukweli. Kama namba ya wagonjwa haikuhifadhiwa na muuguzi akaambiwa haikuhifadhiwa, ataiandika tena. Akiambiwa imehifadhiwa, ataichana karatasi.

5. Ubora unavyoingia

Wengi hudhani kuboresha kerneli ni kazi ya vipaji vichache vinavyobuni mambo makubwa. Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walichapisha uchambuzi wa viraka 5,079 vilivyoingia katika mifumo sita ya faili ya Linux kwa miaka minane. Karibu nusu vilikuwa vya matunzo: kusafisha msimbo, kuurahisisha, kusahihisha maelezo. Karibu asilimia 40 vilitibu hitilafu. Vilivyobaki viligawana kasi, uimara na mambo mapya. Waligundua pia kwamba karibu asilimia 40 ya hitilafu zilikaa kwenye njia za dharura, yaani sehemu za msimbo zinazofanya kazi pale tu jambo linaposhindikana: memori imekwisha, diski imekataa, uandishi umekatizwa.

Tulizeni macho hapo. Njia hizo hazipitiwi mara nyingi kwenye mashine za miji yenye umeme usiolala, na huenda ndiyo maana hitilafu zake hudumu. Huenda sisi tunazipitia zaidi.

Wakati mwingine ubora ni kuondoa. Ext4 ilipothibitika kwamba inaweza kusoma diski za ext3, msimbo wa ext3 uliondolewa kabisa katika toleo la Novemba 2015. Mfumo wa faili wa ReiserFS, uliosifiwa sana zamani na kukosa watunzaji, uliondolewa katika toleo la Januari 2025. Msimbo usiotunzwa ni hatari hata kama unafanya kazi leo.

Kiraka hufuata taratibu zinazojulikana. Kinashughulikia jambo moja. Kinaeleza kwa maneno kwa nini badiliko linahitajika. Mwandishi anaweka jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Kinawekwa hadharani, wengine wanakihoji, kinarudishwa, kinarekebishwa. Kisha kinajaribiwa. Kwa mifumo ya faili kuna mkusanyiko wa majaribio uitwao xfstests, uliozaliwa katika kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wa XFS na sasa hutumika kupima mifumo mingi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliunda majaribio yanayoigiza kukatika kwa umeme baada ya kila mfululizo mfupi wa vitendo, wakapata hitilafu kumi mpya katika mifumo iliyokuwa ikitumika duniani kote. Walionyesha kwamba hitilafu nyingi za aina hiyo hujitokeza kwa vitendo vitatu au pungufu, kwenye mfumo wa faili uliotengenezwa dakika hiyo. Maabara kubwa haikuwa sharti.

Ukanda wetu hauko mbali na kazi za namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Vijana wa Kenya na Uganda wamepita katika Outreachy, mpango unaowalipa wanagenzi wachangie programu huria, na kerneli ya Linux imekuwa mojawapo ya miradi yake.

6. Pingamizi mbili

Mtu atasema: tununue betri na paneli za jua, yaishe. Tununue, ndiyo. Simu zetu huvumilia kukatika kwa umeme kwa sababu zina betri ndani. Lakini betri huchoka, na mara nyingi hutujulisha uchovu wake siku ileile tunapoihitaji. Tena kuna vifaa visivyotibika kwa msimbo. Kadi ya memori ya bei ndogo inaweza kujibu kwamba imeandika ilhali haijaandika, na kerneli haina njia ya kumlazimisha mwongo aseme kweli. Kadi nyingi na flashi hutumia mifumo ya jamii ya FAT, isiyo na daftari kama lile la ext3. Rekodi za wagonjwa zisiishi humo, zipite tu.

Mwingine atasema: turudi kwenye karatasi. Karatasi ina heshima yake, na siishauri hospitali yoyote ichome vitabu vyake. Lakini Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, na miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda hadi mitaa ya Kavimvira ikaingiwa na maji. Karatasi nayo ina siku yake mbaya. Rekodi ya mji huu inahitaji kukaa kwa namna mbili, mahali pawili.

7. Kazi yetu

Kwa wanaoandika programu hapa Uvira, Bukavu au Bujumbura: faili muhimu liandikwe pembeni, liitiwe fsync, lipewe jina lake la kudumu, kisha folda yake nayo iitiwe fsync. Ikija hitilafu, mwambieni mtumiaji kwa lugha anayoielewa. Msiimeze.

Kwa mafundi wanaotunza mashine za ofisi na zahanati: msizime vizuizi vya uandishi (write barriers), vinavyoilazimisha diski kuandika kwa mpangilio, kwa tamaa ya kasi. Baada ya umeme kukatika someni ujumbe wa kerneli kabla ya kuendelea na kazi. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa msiihesabu kuwa ni nakala.

Kwa watumishi wa afya na wa maji: kila umeme unapokatika, andikeni kwenye daftari la karatasi tarehe, saa ya kukatika na saa ya kurudi. Na katika orodha zenu, siku ambayo hakukuwa na mgonjwa iandikwe sifuri. Siku ambayo rekodi imepotea iandikwe kwamba imepotea. Sifuri na kutokuwepo kwa rekodi ni mambo mawili, na anayeyachanganya anamdanganya mtafiti wa kesho bila kujua.

Kwa wanafunzi: kompyuta mpakato moja inatosha. Chukueni toleo moja la kerneli bila historia yake nzima, ili msimalize fedha za intaneti. Lijengeni ndani ya mashine pepe (virtual machine), endesheni xfstests, izimeni mashine hiyo katikati ya uandishi, tazameni kilichobaki. Mkikuta kasoro, iandikeni kwa hatua ambazo mtu mwingine anaweza kuzirudia. Itabidi muiandike kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kazi ya wale watunzaji. Jifunzeni Kiingereza cha kutosha kueleza kosa, si cha kuhutubia. Kiraka chenu cha kwanza kinaweza kuwa cha kusahihisha maelezo tu. Karibu nusu ya viraka vyote vya miaka ile minane vilikuwa vya matunzo, na kazi hiyo ni mojawapo.

Na kwa wakuu wa shule na wa ofisi: msimbo huu hauuzwi leseni, lakini muda wa kijana anayeujifunza una gharama. Mpeni meza, mpeni umeme saa unapokuwepo, na umeme ukikatika msimfukuze. Hapo ndipo jaribio lake linapoanza. Mji ulioonyesha kwa rekodi zake kwamba siku bila maji huleta ugonjwa unastahili kuwa na watu wake miongoni mwa wanaolinda rekodi za dunia.